Upepo umechora, mimi nisaini nini?

SWALI: Mwalimu, salamu. Juzi nilifunga kalamu tatu kwenye ncha za tawi linaloning'inia, nikatandika karatasi chini yake juu ya ubao, nikaketi kando. Upepo ukachora. Kufika nyumbani naona mistari imesongamana upande mmoja, upande wa pili mweupe kabisa, basi nikaongeza yangu michache ili picha ikae sawa. Dada yangu ananicheka: "Kama ni kazi ya upepo, mbona umesaini wewe? Na kama ni yako, mti ulikuwa wa nini?" Nimjibu nini?
*Mchoraji Msaidizi*

JIBU: Msaidizi, dada yako kauliza vizuri kukushinda. Lakini tuanze na hiyo mistari uliyoongeza, maana hapo ndipo ulipoharibu. Ule weupe ulikuwa na habari yake: upepo ulivuma kutoka wapi, na tawi liliishia wapi. Umeufuta.

Sikusemi kwa ubaya, nami nimefanya hayo hayo, kwa uyoga. Ukitaka kujaribu, kata kofia ya uyoga uliokwisha kufunguka, ilaze kwenye karatasi makunjo yakiangalia chini, funika kwa bakuli, kalale. (Uyoga usioujua usiuonje, hata uwe mchoraji hodari namna gani.) Asubuhi utakuta vumbi la mbegu zake limeshuka na kuacha miale membamba ambayo hakuna brashi inayoiweza. Basi siku moja bakuli halikukaa sawasawa, hewa ikapenya. Nusu ya mduara ilitoka safi, nusu imepeperuka kama moshi. Nikashika brashi nirekebishe. Ilipogusa tu, ikabaki doa la kahawia. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, na kila nikiitazama naulilia ule moshi.

Sasa la dada. Mwambie wewe ndiye uliyechagua tawi, urefu wa uzi, kalamu, na saa ya kuiondoa karatasi. Hiyo ni kazi, tena si ndogo. Msanii Tim Knowles wa Uingereza hufunga kalamu kwenye ncha za matawi kama ulivyofanya, na kila mti hutoa mwandiko wake. Jina linaloandikwa ni lake, ila haufichi mti.

Ninayempenda zaidi ni mchongaji David Nash. Mwaka 1978, huko Wales, alichonga gogo kubwa la mwaloni likawa kama jabali, akataka kijito kimsaidie kulisafirisha. Likakwama. Mwingine angeona kazi imeharibika. Yeye aliliacha, akawa anarudi kulipiga picha miaka nenda miaka rudi, huku mafuriko yakilisukuma kidogo kidogo hadi mtoni. Mwaka 2003 likapotea karibu na bahari. Baada ya miaka kumi likaonekana tena. Nash hakulisukuma lielekee kwenye mwanga mzuri.

Kuhusu vifaa: kalamu ya kijigololi haifai, inataka kukandamizwa na jani halina nguvu hizo. Tafuta ya ncha laini inayotoa wino ikigusa tu, iwe nyepesi, isije ikalivuta tawi likakosa kucheza. Funga kwa uzi wa pamba, si waya, maana waya hukata gome; na ukimaliza fungua, usiuachie mti takataka. Mvua ikidondoka wino ukatambaa, usikimbilie kitambaa.

Saini, usione haya. Chini ya jina andika mti gani, saa ngapi hadi saa ngapi, na upepo ulikuwaje. Ile karatasi uliyoiongezea usiitupe. Irudishe chini ya tawi lile lile, ukae tena kando, uone mti utaijibu vipi mistari yako.