Kipimo Kimesoma Sifuri: Tulipie?

SWALI: Tuna miaka minne kwenye ndoa, hatujapata mtoto. Mke wangu amepimwa, yuko sawa. Mimi nimepima mara moja, nikaambiwa mbegu ni sifuri. Kliniki moja inataka tulipie mbegu zisafishwe na kuingizwa kwenye mji wa mimba. Tulipe? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Msilipe, ndugu. Njia hiyo inahitaji mamilioni ya mbegu zinazokimbia. Kwenye sifuri hakuna cha kusafisha, na anayekuuzia huduma hiyo alipaswa kukwambia.

Rudia kipimo kwanza. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, kisha toa sampuli yote kwenye kikopo cha maabara, bila mate, mafuta wala kondomu ya kawaida. Sehemu inayotangulia kutoka ndiyo yenye mbegu nyingi, ikimwagika, sema. Ukitolea nyumbani, ifikishe ndani ya saa 1, kikopo kikiwa karibu na mwili kisipoe. Kisha uliza kama sampuli ilizungushwa kwenye mashine na mashapo yake kukaguliwa kwa hadubini. Bila hivyo mbegu chache hupitwa kirahisi, na hizo chache zikigandishwa zinaweza kukuepusha na kisu.

Tazama na ujazo. Chini ya mililita 1.4 ni kidogo: huenda mirija ya mbegu imeziba, au hukuzaliwa nayo (daktari huitambua kwa kupapasa tu), au manii yanarudi kibofuni, jambo linalowapata baadhi ya wenye kisukari. Hilo la mwisho hubainika kwa kupima mkojo baada ya kumwaga.

Damu ipimwe FSH (homoni ya ubongo inayoziamuru korodani kutengeneza mbegu) na testosteroni (homoni ya kiume). FSH ya kawaida na korodani za ukubwa wa kawaida mara nyingi humaanisha kuziba. Hapo mbegu huvutwa kwa sindano na karibu kila mara hupatikana. FSH ikiwa juu na korodani ndogo, kiwanda chenyewe kina hitilafu. Upasuaji wa kutafuta mbegu kwa hadubini hufanikiwa kwa takriban nusu ya wanaume hao, lakini kabla yake pima kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi. Kipande cha AZFa au AZFb cha kromosomu Y kikikosekana chote, usipasuliwe, maana matumaini ni kama hakuna. Kikikosekana AZFc, mbegu zinaweza kupatikana, ila mtoto wa kiume atairithi kasoro hiyo.

Umewahi kuchoma testosteroni kwa ajili ya misuli au nguvu? Ubongo ukiona homoni imejaa, huacha kuziamuru korodani. Ajabu, wapo wanaoandikiwa sindano hizo kama tiba ya ugumba! Ukiacha, wengi hurudiwa na mbegu, ila baada ya miezi.

Mbegu zikipatikana korodanini, kinachofuata ni ICSI, kwani mbegu hizo haziogelei vya kutosha: mbegu 1 hudungwa ndani ya yai 1 lililopevuka. Mkeo huchomwa sindano kwa takriban siku 10, na mayai huvunwa kama saa 36 baada ya sindano ya mwisho. Ombeni mbegu zako zitafutwe na kugandishwa kabla hajaanza sindano. Zikitafutwa siku ileile ya kuvuna mayai na zikakosekana, mayai yatabaki bila mwenza; kubalianeni mapema kwa maandishi kama yatagandishwa, na kwa gharama gani.