Re: Pesa za serikali za kusomea uzamifu

Dada, umeuliza pesa za serikali za uzamifu (PhD) hupatikana wapi ukiwa hapa Nairobi. HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, pale Anniversary Towers, hutoa mkopo, huo utaulipa. Hazina ya Taifa ya Utafiti, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, hutoa ruzuku, ila hadi itangaze mwito wa maombi. Hapo ndipo wengi hukwama: tangazo hutoka pendekezo lao la utafiti likiwa bado halijapitishwa chuoni. Anza na idhini ya chuo, kisha kamati ya maadili, ndipo uombe leseni ya utafiti ya NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Leseni hudumu mwaka mmoja, kwa hivyo usiichukue mapema ikaisha kabla hujaingia nyanjani. Bajeti igawe kwa shughuli: nauli, vifaa, vipimo vya maabara. Fungu la "mengineyo" huwakera wakaguzi, na wana haki.