Sinia la injera halitaki rojo jepesi

Swali la wiki: watu wengi wakila chakula cha Kiethiopia sinia moja, kipi huharibika, nacho kizuiweje?

Mambo huharibika kabla moto haujawashwa, pale mwenyeji asipouliza wageni wanakula nini. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, isipokuwa siku 50 zinazofuata Pasaka, na Kwaresima yao ni siku 55. Siku hizo hawagusi nyama, maziwa, mayai wala samli. Tena Waislamu na Wakristo wa huko kwa desturi hawali nyama iliyochinjwa na wenzao. Na kwenye injera, mkate mpana na laini unaotandikwa siniani, rojo husambaa: doro wot, mchuzi wa kuku, ikimwagwa katikati, anayefunga hana tena sehemu anayoweza kula. Kundi likiwa mchanganyiko, andaa beyaynetu, sinia la kunde na mboga zilizopikwa kwa mafuta, nyama ikae kwenye sinia lake na injera yake.

Sinia la sentimita 50 ni la watu wanne au watano. Ongeza wa sita uone mikono inavyopishana. Tandika injera moja, upande wenye macho juu, maana matundu yale ndiyo yanayonyonya mchuzi. Pembeni weka mbili kwa kila mtu, zimeviringishwa na kufunikwa kitambaa. Zikiachwa wazi kingo hukauka na kukatikakatika.

Kosa kubwa zaidi ni rojo jepesi, linalotoboa injera kabla watu hawajashiba. Kwa misir wot, mchuzi mzito wa dengu, ya watu watano, chukua gramu 300 za dengu nyekundu na vitunguu vikubwa vitatu vilivyokatwa vidogo sana. Vitunguu viingie sufuria kavu, moto mdogo, ukoroge hadi vitoe maji yake na kuwa laini kabisa. Hapo ndipo mafuta. Ukiyatanguliza, vitunguu hukaangika na kubaki vipande, ilhali vikilainika ndivyo vinavyolifanya rojo liwe zito. Kisha vijiko viwili vikubwa vya berbere, unga wa pilipili na viungo, na maji kidogo, kwani ikiungua huwa chungu na hakuna cha kuiokoa. Tia dengu, ongeza maji ya moto kidogo kidogo. Buruza mwiko chini ya sufuria: njia yake ikibaki wazi kwa muda, limeiva.

Pakua kila aina mara mbili au tatu kuzunguka sinia, ili mtu asivuke mbele ya mwenzake kufuata shiro, rojo la unga wa kunde.

Mkono wa kulia, baada ya kunawa. Kata kipande cha injera kama kiganja, kibane juu ya rojo, vidole visiguse mchuzi. Kulamba vidole ni aibu, kwa kuwa vinarudi kwenye sinia la wote. Mtu akikunyooshea tonge mdomoni, hiyo ni gursha, upendo wenyewe, pokea. Anayelisha alifanye dogo, liingie mara moja.

Tafadhali msiondoe sinia rojo likiisha. Injera ya chini, iliyokwisha kunyonya kila mchuzi, ndiyo tamu kuliko zote, nayo hukatwa kuanzia ukingo kwenda katikati. Kahawa ifuate baada ya hapo: abol, tona, kisha bereka, raundi tatu kutoka jebena moja, birika la udongo la kahawa, kwa hiyo mgeni mwenye haraka aambiwe mapema.