Deni la viazi: nimshtaki wapi?

SWALI: Mzee wa Masjala, habari yako. Mimi huleta viazi Nakuru mjini kutoka Molo. Mwenye hoteli mmoja amechukua magunia 64 kwa mkopo, kila gunia Sh2,600. Kanilipa Sh30,000 tu kwa M-Pesa, na nikimdai ananitukana mbele ya wateja. Polisi waliniambia deni si kazi yao. Nikaingia ofisi moja mjini kuuliza mahakama ya kaunti iko wapi, askari wa langoni akacheka. Nimshtaki wapi, na ni lazima wakili? Mama Viazi, Molo.

JIBU: Mama Viazi, askari huyo amekuonea bure. Nimekaa masjala ya mahakama miaka 26 na swali lako nimelisikia mara nyingi. Watu huona kibao kimeandikwa Nakuru, wakadhani korti ni ya gavana kama zahanati. Siyo. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti zahanati na masoko, lakini mahakama zimebaki chini ya Jaji Mkuu. Gavana hana hakimu hata mmoja. Hata kanjo, yaani askari wa kaunti, wakimkamata mchuuzi, humleta mbele ya hakimu asiye wao.

Sasa hesabu yako. Magunia 64 ni Sh166,400; toa alizolipa, anabaki na Sh136,400. Nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Kikomo chake kilikuwa Sh200,000, kikapandishwa 2020 hadi Sh1,000,000, kwa hiyo unaingia bila shida. Fungulia kesi Nakuru: hoteli iko huku na viazi vilishushwa huku. Wakili si lazima, na Kiswahili kinaruhusiwa. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa.

Matusi yaache nyumbani. Mahakama hiyo haisikilizi kesi za kuchafuliwa jina, wala za umiliki wa shamba, wala za mwajiri na mfanyakazi. Ukiyachanganya na deni, utapoteza asubuhi nzima ukieleza alivyokuita.

Kinachonitia wasiwasi ni karatasi. Wakati mmoja alikuja mama muuza mkaa. Madeni yake yote alikuwa akiyaandika kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa kibanda: jina, debe, tarehe. Mdaiwa mmoja akapita usiku na ndoo ya chokaa. Asubuhi ukuta ulikuwa mweupe kama sahani. Tulimsikitikia sote pale kaunta, lakini huruma haifungui faili.

Wewe je, una daftari? Aliweka sahihi kila gunia liliposhuka? Kama hakuweka, usife moyo. Ule ujumbe wa Sh30,000 usiufute kabisa, maana mtu halipi viazi ambavyo hakupokea. Jumbe zake za "niletee kumi kesho" ni dhahabu, zichapishe. Dereva wa pikapu na kijana aliyebeba magunia waombe wawe mashahidi mapema, kabla hawajahamia mji mwingine.

Siku hizi kesi hufunguliwa kwa mtandao wa mahakama. Simu ikikushinda, nenda cyber, au uliza pale kaunta ya masjala. Ada lipa kwa njia utakayoonyeshwa kwenye mfumo wenyewe, risiti iandike namba ya kesi. Atakayekuambia "mama, nipe mkononi nikuharakishie" mpite. Nimewajua wawili watatu wa aina hiyo, na hawakuharakisha chochote.

Jambo la mwisho. Wenye madeni wengi hulegea siku yenyewe ya kesi. Atakuita kando pale koridoni, ana bahasha, anataka yaishe kimyakimya. Usikatae pesa zake, ila mrudi ndani mkamweleze mwamuzi: amelipa kiasi gani leo, na zilizobaki atalipa tarehe ngapi. Yaandikwe kwenye faili. Akikiuka hapo, utakuwa na amri ya korti ya kumpelekea dalali.