Wadogo zangu mnaoanza kuonjesha waini, tuanze na barafu

Nimewatazama mkihudumu meza za kuonja hapa Kampala, na nimeona niandike kabla sijaanza kufoka. Majina ya zabibu mmeyashika yote. Mnamweleza mgeni bila kigugumizi kwamba Pinotage, zabibu nyekundu, ilizaliwa Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925, Profesa Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut. Kisha mnammiminia hiyo Pinotage ikiwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani. Mgeni anakunja uso, anasema waini nyekundu haimfai, nanyi mnamwamini!

1. Joto kwanza, hadithi baadaye. Mmeambiwa nyekundu inywewe kwa joto la chumba. Chumba hicho ni cha Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Kampala saa nane mchana inafika nyuzi 26, na hapo pombe inapanda puani kabla ya tunda, chupa nzuri na mbovu zikafanana. Itieni nyekundu kwenye friji nusu saa kabla ya wageni. Nyeupe nyepesi ni nyuzi 8 hadi 10, ile nzito iliyokaa kwenye pipa la mwaloni 10 hadi 13, ya mapovu 6 hadi 10.

2. Mpangilio. Mapovu, nyeupe, halafu nyekundu. Nyepesi itangulie nzito, isiyo na sukari itangulie tamu. Mnalijua hili, lakini mbele ya mtu mzima mnalisahau.

Nilikuwepo kwenye shughuli moja ya bustanini huko Kololo. Mzee mwenye shughuli aliketi tu akasema, "Leteni nyekundu, hiyo ndiyo waini." Kijana wetu, mwenye adabu zake, akajibu "sawa mzee" na kumimina. Chupa zilikuwa zimekaa tangu asubuhi kwenye meza iliyo karibu na jiko la muchomo. Nyama ikaja na pilipili, na mnajua tanini, ule ukakasi wa waini nyekundu, ikikutana na pilipili mdomoni inavyochochea moto. Watu wakaanza kuomba soda. Ndipo ikaja Chenin Blanc, nyeupe ya Rasi kule Afrika Kusini, chupa ambayo ningeitetea mbele ya mtu yeyote. Ndimi zilikuwa zimeshakauka kwa tanini, na mama mmoja akasema amepewa maji ya ndimu. Iliniuma, maana waini ile haikuwa na kosa lolote.

Mapovu ndiyo yaliyomaliza kazi. Kijana alikuwa ameisimamisha chupa juu ya barafu tupu, bila maji. Barafu tupu inagusa chupa hapa na pale tu. Hewa inayobaki katikati haipoozi kitu. Akafungua waya unaoshika kizibo, akaondoa kidole gumba, akageuka kumsikiliza mtu. Ndani ya chupa ile mna mgandamizo mara 5 hadi 6 ya ule wa hewa ya kawaida, na waini ikiwa na joto gesi haitulii. Kizibo kikaruka juu ya mwembe, povu likamwagikia gomesi, lile vazi la heshima, ya shangazi wa mwenye shughuli. Gomesi ilifuliwa ikatakata. Ila meza nzima ilirudi nyumbani ikiamini kwamba nyekundu inachoma, nyeupe ni maji na mapovu ni fujo. Hawakuonja hata moja jinsi ilivyo. Kijana yule nampenda, na leo anafungua chupa vizuri kuliko wengi wenu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Ndoo iwe nusu barafu na nusu maji, pamoja na konzi ya chumvi, chupa izame hadi shingoni, nusu saa. Kidole gumba kikae juu ya kizibo tangu mnapoanza kulegeza waya, ambao unazungushwa nusu mzunguko mara sita. Ilazeni chupa kidogo, mdomo usielekee watu, kishikeni kizibo kisiende popote na mzungushe chupa yenyewe. Mtasikia pumzi tu. Na mzee akidai nyekundu kwanza, mwambieni, "Mzee, ya kwako nimeiweka ipoe na ipumue, naomba nikufungulie mdomo na hii." Sijaona mzee aliyekataa heshima ya namna hiyo.

3. Mililita 50 kwa kila mtu. Chupa ya 750 inatosha watu 15. Glasi ziwe za aina moja, na tatu zikae mezani kwa pamoja, la sivyo mgeni analinganisha kumbukumbu badala ya waini.

4. Marashi na udi viacheni nyumbani.

5. Kutema mbele ya wakubwa kwetu ni aibu, kwa hiyo mpeni kila mtu kikombe chake kisichoonyesha kilichomo, nanyi muwe wa kwanza kutema. Asiyekunywa apewe maji yenye limau bila kuulizwa sababu.

6. Mwacheni mgeni aseme kwa pua yake. Dada mmoja wa Ntinda alinusa Sauvignon Blanc akasema "pasheni", akawa amepatia. Mwingine alisikia bogoya, ile ndizi tamu, kwenye Beaujolais changa, nyekundu ya Ufaransa, naye yuko sahihi. Mkitaka wachangamke zaidi, wekeni chupa ya Dodoma kando ya ile ya Rasi, muwaambie kwamba huko Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

7. Si kila mapovu ni Champagne. Champagne ya Ufaransa na Cap Classique ya Afrika Kusini huchachuka mara ya pili ndani ya chupa na kulala juu ya chachu, ndiyo maana zinanukia mkate. Prosecco huchachukia kwenye tangi, tunda likabaki mbele. Waonjesheni bega kwa bega, wataisikia tofauti kabla hamjaitaja.

Ya mapovu ikibaki, ibaneni kwa kizibo cha chuma cha chupa za mapovu na muirudishe kwenye friji. Kesho bado inafaa. Kile kijiko mnachokitumbukiza mdomoni mwa chupa hakizuii chochote, kirudisheni jikoni.