Kwa Nini Visa Vitano Badala ya Kimoja?

SWALI: Ndugu Mhariri, filamu nyingi za watayarishaji wadogo zinazogusa mambo ambayo kwetu hayasemwi hadharani naona ni mikusanyo ya visa vifupi. Je, ni uhaba wa fedha tu? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, fedha zina sehemu yake, ila hazitoshi kuwa jibu. Chukua Stories of Our Lives ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Jim Chuchu wa kundi la wasanii la The Nest, Nairobi. Mwaka 2013 kundi hilo lilianza kukusanya simulizi za Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao, na kutokana na simulizi hizo vikazaliwa visa vitano, vyote kwa picha nyeusi na nyeupe, ambavyo kwa jumla huchukua kama saa moja.

Kisa kimoja kirefu kingemtwika mhusika mmoja mzigo wa kuwasemea wote, na akikosea yeye, mtazamaji angesema wote ndivyo walivyo. Hapa yupo mwanafunzi anayetenganishwa na mpenzi wake, yupo mtafiti aliyekwenda mkutanoni Uingereza na kukodi mtu wa kumliwaza, na wapo vibarua wawili wa shambani, kwa hiyo hata ile hoja ya kwamba hayo ni mambo ya mjini haipati pa kushika. Kwangu mimi kisa bora ni hicho cha shambani, kiitwacho Athman: Ray anaumia akimwona rafiki yake akivutwa na Fiona, na uchungu wake anaujua yeyote aliyewahi kupenda asipopendwa (bila kujali jinsia).

Majina ya waliohusika yalifichwa mwanzoni, hadi watatu, akiwemo Chuchu, walipojitokeza kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, Septemba 2014. Mwezi uliofuata Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya iliipiga marufuku filamu hiyo kwa madai ya kukiuka maadili ya taifa, na mtayarishaji, George Gachara, akakamatwa kwa tuhuma za kupiga picha za filamu bila leseni, mashtaka ambayo baadaye yaliondolewa. Mwaka 2015, kwenye tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani, filamu hiyo ilipata tuzo maalumu ya majaji wa Teddy, tuzo zinazotolewa huko kwa filamu zinazogusa maisha ya wapenzi wa jinsia moja na wengine wa aina hiyo.

Marufuku hiyo inaonyesha pia udhaifu wa umbo hili la mkusanyo wa visa, kwa kuwa bodi haikuchambua kisa kimoja kimoja, bali ilivifungia vyote vitano kwa pamoja.