Wasomaji wanauliza: hatia ya zamani na cheti cha umeneja wa baa Nyuzilandi

SWALI: Mhariri, hujambo. Nafanya kazi baa hapa Auckland na bosi anataka nichukue cheti cha umeneja. Miaka 3 iliyopita nilipimwa pumzi nikiendesha gari, kipimo kikasoma mikrogramu 620 za pombe kwa lita moja ya pumzi, na mahakama ikanitia hatiani. Sina kosa jingine. Niombe sasa au nisubiri? Na ni lazima nilitaje?
Msomaji, Auckland

JIBU: Omba sasa, na ulitaje.

Sheria ya Uuzaji na Ugavi wa Pombe ya mwaka 2012 haina orodha ya makosa yanayomnyima mtu cheti moja kwa moja. Kifungu cha 222 kinaitaka kamati ya leseni ya wilaya itazame kama unafaa, hatia zako, uzoefu wako, mafunzo yako, na ripoti za polisi na mkaguzi wa leseni. Hatia hupimwa pamoja na hayo mengine.

Miaka ya kusubiri inayotajwa vijiweni haimo katika Sheria. Inatokana na uamuzi wa mwaka 1995 wa mamlaka ya leseni ya wakati huo, ambao kamati na polisi wanaufuata hadi leo kama mwongozo. Kwa hatia nzito, au inayohusu matumizi mabaya ya pombe, au iliyotokea ukiwa kazini kwenye baa, hutazamiwa miaka 5 safi. Lakini hatia moja tu ya kuendesha umekunywa, isiyo na jambo la kuizidishia uzito, hutazamiwa angalau miaka 2. Wewe umeshaivuka. Ungekuwa na hatia mbili za namna hiyo, ningekushauri usubiri.

Hesabu kuanzia siku uliyotiwa hatiani, si siku uliyokamatwa. Kesi ikivuta miezi 8, anayehesabu tangu kukamatwa anaomba miezi 8 kabla ya wakati, anapingwa, na ada ya dola 316.25 hairudi.

Kuhusu kuficha, tafadhali usithubutu. Polisi wana siku 15 za kazi za kupinga ombi, na rekodi yako ndiyo wanayoitazama. Wakikuta ulichokiacha, kamati itajadili uaminifu wako wa leo, na hapo miaka 3 yako safi haikusaidii tena.

Ambatisha karatasi moja ya maelezo: tarehe ya hatia, kosa, kipimo kilichosomwa, adhabu, muda uliofungiwa leseni ya udereva, na kwamba faini imelipwa yote. Eleza ulichobadilisha, kama ulihudhuria ushauri nasaha wa pombe, weka uthibitisho. Barua ya bosi iseme wazi kwamba anaijua hatia hiyo na bado anakuamini kufunga baa usiku. Barua inayosema tu "ni mtu mwema" haina uzito, kwa sababu kamati haiwezi kujua kama aliyeiandika aliambiwa ukweli.

Ukikataliwa, una siku 10 za kazi tangu kupewa taarifa kukata rufaa kwa mamlaka ya taifa ya leseni za pombe. Ukikubaliwa, cheti cha kwanza ni cha mwaka 1, kisha huhuishwa kwa miaka 3.

SWALI: Hatia yangu ina miaka 9, nilipigwa faini tu. Bado naiandika?

JIBU: Huenda huna haja. Sheria ya mwaka 2004 ya kuficha hatia za zamani inakuruhusu kujibu kwamba huna hatia ikiwa imepita miaka 7 bila kutiwa hatiani tena, hujawahi kufungwa jela, na umelipa faini na fidia zote. Deni dogo la faini lililosahaulika linatosha kukuondolea haki hiyo. Makosa machache, yakiwemo ya kingono dhidi ya watoto, hayafichwi moja kwa moja na sheria hiyo. Kabla ya kujaza fomu, omba rekodi yako Wizara ya Sheria. Ni bure, lakini yaweza kuchukua hadi siku 20 za kazi.

SWALI: Polisi walinipima wakapata mikrogramu 300, wakanipa faini bila mahakama. Hiyo ni hatia?

JIBU: Si hatia. Tangu Desemba 2014, mtu wa miaka 20 au zaidi akisoma zaidi ya 250 lakini asivuke 400 hupewa faini na alama za adhabu kwenye leseni ya udereva. Hata hivyo polisi wanaweza kulitaja tukio hilo katika ripoti yao, kwa hiyo uwe tayari kulieleza mkaguzi akikuuliza.